Siku Nilipomtangulia Mshenga Wangu

Wengine mna aibu za kuteleza kwenye tope mbele ya watu au kutuma ujumbe wa mapenzi kwa bosi, hizo ni aibu za kawaida na zinasameheka, lakini yangu mimi ina mama mkwe ndani yake, na kama umelelewa Usukumani, au hata umepita tu ukaomba maji ya kunywa, unajua kwamba neno "nikaanguka" na neno "mama mkwe" hayatakiwi kukaa kwenye sentensi moja. Miaka miwili nimeikwepa habari hii. Mtu akiniuliza kovu la kiwiko namwambia pikipiki, tunaendelea na mengine. Lakini juzi mke wangu kaisimulia mbele ya wageni wanane, na anavyoisimulia yeye naonekana mjinga kuliko nilivyokuwa (nilikuwa mjinga, sikatai, ila si kwa kiwango kile), kwa hiyo bora niitoe mwenyewe kama ilivyokuwa.

Naitwa Shija. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa nakala hapa Shinyanga mjini, karibu na soko. Milembe, ambaye sasa ndiye mke wangu, anafanya kazi ya maabara kwenye zahanati upande wa pili wa mji. Tulikutana kwa mama mmoja anayeuza vitu vya watoto vya mitumba, vigari vya kusukuma, baiskeli za magurudumu matatu, midoli isiyo na jicho moja, na siku hiyo kwenye robota lake zilikuwa zimetoka mbao mbili za magurudumu, zile za kusimama juu na kujisukuma kwa mguu, sketibodi kama wanavyosema vijana. Mmoja mfupi, mmoja mrefu. Mimi nilikuwa nimeshika ule mfupi nauzungusha magurudumu, pembeni yangu kasimama dada mmoja kaushika ule mrefu kausimamisha wima, unamfika kifuani. Akaniuliza, "Kaka, wewe unaendea wapi na huo?" Nikasema kazini. Akauangalia, akaniangalia, akasema, "Basi ni huo huo. Mimi ninaotaka ni wa kwendea mbali." Akaondoka na kitu chake begani kama mtu aliyebeba ubao wa kupigia pasi, na mimi nikabaki namuuliza yule mama wa mitumba dada yule anakaa wapi.

Sasa nieleze kidogo tofauti ya mbao hizi, maana bila hiyo hamtaelewa nilivyopotea. Ule wangu mfupi wenyewe wanauita kruza. Una matairi manene malaini, hauogopi kokoto ndogo, na nyuma umepinda kwenda juu, hapo ndipo panaitwa mkia. Unataka kukata kona, unakanyaga mkia kidogo, pua inanyanyuka, unageuka hapo hapo kama mbuzi. Unataka kusimama, unaukanyaga mkia kwa nguvu, unakwaruza lami, umesimama. Kwa mjini hauna mpinzani: unapenya kati ya guta na bodaboda, unafika dukani, unauchukua kwapani, unaingia, unanunua karatasi zako, unatoka. Lakini ukiuchukua uende nao mbali utajuta, unatetemeka, unasukuma na kusukuma mpaka paja linawaka moto.

Ule wa Milembe ni longibodi. Mrefu, mpana, umelala chini, ukisimama juu yake unabonyea kidogo kama tawi. Unasukuma mara moja unakwenda hatua ishirini umetulia kama umesimama sebuleni kwenu. Ila kukata kona ni kama lori la pamba, uanze kufikiria mapema, na kwapani haukai, na sokoni ukiingia nao utamvunjia mtu mayai. Sisi tulibishana juu ya mbao hizi miezi minane, na huo ndio ulikuwa uchumba wetu, sina mwingine wa kusimulia. Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunakwenda kwenye kipande cha lami mpya nje ya mji, mahali tambarare kabisa, magari hakuna, yeye mbele anateleza mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, mimi nyuma nahangaika kusukuma. Akifika mbali anasimama ananisubiri. Hajawahi kuniacha nisimwone. Alikuwa akiniambia, "Jaribu wangu siku moja ujue raha," nami namjibu, "Sipandi kitanda." Kiburi tu. Nilikuwa naogopa atanizidi hata kwenye kumfundisha mtu.

Na kitu kimoja alikuwa anapenda kukisema tukiwa tumekaa chini tunakunywa maji. Kwao ni Geita, mtaa mmoja wa milimani, na barabara ya mtaa wao ilikuwa imewekwa lami mwaka uliotangulia, imenyooka kutoka juu mpaka chini, na chini kabisa ndipo nyumba ya kwao. "Shija," anasema, "ile barabara ukiwa na ubao mrefu, na ukiujua, unashuka kama maji." Nami nikaliweka moyoni. Ile "na ukiujua" sikuisikia.

Tukafikia mahali pa kupeleka barua. Mshenga wangu alikuwa baba mdogo Nkwabi, mwalimu mstaafu, mtu wa miwani na kofia, ambaye hata akikuomba chumvi utadhani anasoma taarifa ya shule. Barua ilikwenda, majibu yakarudi kwamba waje, tuwaone, Jumamosi ya wiki fulani. Milembe akatangulia kwao siku nne kabla. Tukapanga mimi na baba mdogo tufuate na basi, na zawadi zetu: mchele, sukari, sabuni, vitenge, na blanketi zito la bibi yake.

Na usiku wa kuamkia safari, nikiwa nafunga mizigo, nikauona ubao wa Milembe umeegemea ukuta wa kibandani kwangu. Ulikuwa umebaki tangu Jumapili moja tuliyonyeshewa. Nikafikiri, huyu binti ana ndoto ya mlima wa kwao, kwa nini nisimpelekee, afurahi. Nikauingiza kwenye kiroba cha mchele kitupu nikakifunga kamba. Hilo tu. Uamuzi mdogo, wa mapenzi, nauapia mpaka leo.

Tulishuka Geita saa tano hivi za asubuhi, juu ya ule mlima, kituo kidogo chenye miavuli miwili ya wakala wa pesa. Baba mdogo akaita bajaji. Tukapakia mchele, sukari, katoni ya sabuni, vitenge, blanketi, baba mdogo mwenyewe akaingia akapakata blanketi kama mtoto, na nafasi ikaisha. Dereva akasema bado mmoja anaweza kubanana mbele naye. Nikaitazama suti yangu (ya kijivu, nimeshonewa kwa ajili ya siku ile ile) nikaona itakunjamana. Nikasema, "Baba mdogo, tangulia taratibu, mimi nachukua bodaboda nakufuata. Nisubiri getini tuingie pamoja." Akasema, "Usichelewe. Mshenga haingii peke yake kama mtu aliyekuja kudai." Wakaondoka polepole, bajaji imeinama upande.

Bodaboda haikuja. Nikasubiri. Jua linapiga, jasho linaanza kushuka shingoni, na mbele yangu hiyo barabara imelala nyeusi, safi, imenyooka kama alivyosema mwenyewe, chini kabisa naona bati la bluu na mkaratusi mmoja, ndipo pale. Bajaji naiona kwa mbali inakwenda kama konokono. Kiroba kiko miguuni kwangu.

Nyie, sikufikiria kwa muda mrefu. Nilijiambia nashuka kidogo tu, mpaka karibu na bajaji, naukanyaga ubao unasimama, narudisha kirobani, nafunga kifungo cha koti, naingia ukweni mzima. Ubao si ubao? Nikasimama juu, nikasukuma mara moja.

Zile dakika za kwanza (zilikuwa sekunde, lakini mimi nahesabu nilivyoziishi) zilikuwa nzuri jamani. Upepo unaingia kwenye koti, ubao umetulia, hautetemeki hata chembe, na nakumbuka nilimwelewa Milembe kwa mara ya kwanza, nikasema kumbe hiki ndicho alichokuwa ananieleza miezi yote minane na mimi nambishia. Nikampenda zaidi pale pale. Halafu nikagundua nyumba zinapita haraka.

Nikaamua kusimama. Nikarudisha mguu wa nyuma kukanyaga mkia, mguu ukakanyaga hewa, nikayumba, nikaurudisha. Nikautafuta tena mkia. Hakuna mkia. Ubao mrefu umenyooka mwanzo mpaka mwisho, na mimi miezi minane nauona kila Jumapili na macho yangu haya. Wenyewe husimama kwa kushusha mguu mmoja na kuburuza soli kwenye lami taratibu, uzito wote ukiwa mguu wa mbele. Nikajaribu na hilo. Viatu vyangu vilikuwa vya ngozi, vipya, soli inang'aa kama sahani, vikateleza tu juu ya lami.

Kwenye benchi la nje ya duka walikuwa wamekaa wazee watatu. Wakaona mtu na suti yake na tai, wakadhani ni mgeni wa heshima, mmoja akanyanyua mkono, na mimi kwa malezi niliyolelewa nikawaitikia, "Shikamooni," ila neno lenyewe lilitoka nimeshawapita nyumba nne. Mama mmoja aliyekuwa anakaanga maandazi barazani akainuka na karai lake lenye mafuta akarudi nalo ndani, kimya, kama mtu aliyewahi kuota siku hiyo. Nikapita kanisa, kwaya walikuwa nje wanafanya mazoezi, sauti zote zikakatika isipokuwa mtu wa besi, yeye alikuwa kafumba macho akaendelea.

Halafu nikaifikia bajaji.

Nilijikunja nikapita upande wa kulia, karibu kiasi kwamba ningeweza kulishika blanketi. Baba mdogo Nkwabi akageuka. Macho yetu yakakutana. Akasema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitia mahudhurio darasani, "Shija. Unakwenda wapi?"

Nikamjibu, "Ukweni, baba mdogo."

Na ndiyo ilikuwa kweli. Nikampita. Nikawa nimemtangulia mshenga wangu mwenyewe, jambo ambalo sijasikia limetokea kwenye ukoo wowote.

Kule chini barabara inapinda ghafla kushoto, lakini geti la kwao Milembe liko pale pale kwenye kona, limetazama mlima, na siku hiyo lilikuwa wazi pande zote mbili kwa ajili yetu. Nimewaambia ubao huo unapinda kama lori la pamba. Sikujaribu hata. Ndani ya uwanja ndugu wamejipanga, shangazi yake Milembe, jina lake Kwandu, yuko mbele kabisa na kitambaa cheupe cha kupungia, aliposikia mngurumo alidhani ni bajaji imefika akaanza vigelegele, navyo vikafika katikati vikageuka kuwa kitu kingine ambacho sina jina lake. Baba mkwe kasimama mlangoni. Na mama mkwe, Mama Milembe, alikuwa anavuka uwanja kutoka jikoni na beseni la matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, anavipeleka sebuleni kwa wageni.

Gurudumu la mbele likapiga reli ya geti. Ubao ukasimama. Mimi sikusimama.

Nilipofumbua macho nilikuwa chini, mikono yangu imemzunguka mama mkwe kiunoni, kichwa changu kiko begani kwake, matobolwa yako kwenye nywele zetu wote wawili. Kwetu mkwe hampi mkono mama mkwe wake. Hakai naye mkeka mmoja. Wakikutana njiani, mmoja anapisha pembeni na kutazama chini mpaka mwenzake apite. Na hiyo yote ni heshima, wala si chuki. Sasa mimi nimemkumbatia, mbele ya ukoo, kabla hata sijajulishwa kwake kwa jina. Kuku tu ndio waliosikika.

Nikajiachia haraka, nikabingirika pembeni kifudifudi, na hapo nikasikia upepo sehemu ambayo suruali haitakiwi kupitisha upepo. Ilikuwa imechanika nyuma kutoka kwenye mkanda mpaka karibu na goti, na bukta niliyovaa ilikuwa ya njano (sikutegemea mtu kuiona). Wale kina mama wazee wakageuza nyuso zote kwa pamoja. Nikafumba macho. Nilitamani ardhi ya Geita, iliyomeza wachimbaji wazuri kuliko mimi, inimeze na mimi.

Kitu kikanidondokea mgongoni, kitu chepesi, chenye joto la mtu. Kilikuwa khanga. Mama mkwe alikuwa amejifunga mbili, akavua ile ya juu akanifunika, akiwa bado amekaa chini, kwa mkono mmoja. Huo mwingine alikuwa ameushikilia kifuani, kifundo kimeanza kuvimba. Hakuutazama mkono wake kwanza, alinitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini, "Umeumia, mwanangu?"

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la nne, na hilo neno kwa sauti ya namna ile nilikuwa sijaambiwa tangu hapo. Nikatingisha kichwa tu, uso wangu uko kwenye vumbi.

Wakati huo ndipo bajaji ikaingia. Baba mdogo akashuka, akavua kofia, akatazama uwanja, akanitazama mimi chini ya khanga, akatazama matobolwa. Mtu huyu kafundisha miaka thelathini na kitu, hakuna alichokuwa hajaona. Akakohoa kidogo, akasema, "Hodi, wenyeji. Tumekuja kwa habari ya ile barua." Akaikung'uta kofia. "Naona mwenzangu ameshaanza kujieleza."

Hakuna aliyecheka. Milembe alikuwa ametoka ndani mbio na kuinama kwa mama yake, anagusa vidole kimoja kimoja, anamwambia kunja, kunjua, na alipohakikisha mfupa haujavunjika ndipo akanigeukia. Uso wake sikuusoma. Na baba yake ndipo aliposogea. Mzee Luhende ni mtu wa maneno machache, kafanya kazi maisha yake yote kwenye makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na mguu wake mmoja ni mfupi kidogo kwa sababu ya kazi hiyo. Akainama akauokota ule ubao.

"Hiki ni cha nani?"

Nikamwona Milembe akitazama chini. Kwa namna alivyotazama chini nikaelewa jambo ambalo hakuwahi kuniambia: kwao hawajui. Kwao wanamjua binti wa maabara, koti jeupe, msomi wa kwanza wa nyumba, hawajui kwamba Jumapili anasimama juu ya magurudumu akiteleza. Na mimi nimeleta siri yake kwenye kiroba cha mchele.

Nikasema, "Ni changu, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Ni chako?"

"Changu."

"Ni changu mimi, baba," Milembe akasema. Alikuwa bado amepiga magoti karibu na mama yake. "Shija anadanganya. Nilikinunua mwaka jana. Yeye ana kingine, kifupi."

Shangazi Kwandu akashika kiuno. Akasema mwanamke mzima, anayepima watu damu, na mwanaume mzima, mwenye suti, wanapanda midoli, na kwamba kwa upande wake ameshaona vya kutosha. Mzee Luhende aliusogeza ubao karibu na sikio lake, akazungusha gurudumu moja, akasikiliza. Akazungusha la pili. La tatu. La nne akalizungusha mara mbili.

"Hii beringi iliingia maji," akasema. "Mlinyeshewa?"

Milembe akasema ndiyo, Jumapili moja. Mzee akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa ugonjwa wa ng'ombe. Kisha akaniuliza mimi, "Kwa nini wewe una kifupi na mwenzako kirefu?"

Hebu fikirieni. Nimelala uwanjani nimefunikwa khanga ya mama mkwe, kiwiko kinavuja damu, na naulizwa swali. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa dini, ukoo, kazi, nina shamba au sina. Nikamweleza, basi, vile ninavyojua: kwamba mimi safari zangu ni za mjini, za kusimama na kuondoka, nahitaji kitu cha kugeuka haraka na kubeba kwapani, na yeye anapenda kwenda mbali kwa utulivu, kirefu kinamfaa, kinateleza, hakichoshi, ila kinataka mtu anayejua kutanguliza mawazo. Na kwamba changu nakisimamisha kwa kukanyaga mkia.

"Na hiki?"

Milembe akajibu badala yangu, taratibu, na kwa mara ya kwanza nikaona mdomo wake unatetemeka kwa kicheko alichokuwa anakizuia. "Hicho hakina mkia, baba."

Mzee akaugeuza ubao akautazama mwisho wake. "Kwa hiyo ulichukua chombo cha mwenzako, hujamuuliza kinasimamaje."

"Ndiyo, baba."

"Hm," akasema. Akaondoka na ubao kuelekea stoo, anachechemea, na tukasikia anavuta droo ya spana.

Posa haikuzungumzwa siku ile. Shangazi Kwandu alisema mama wa nyumba hawezi kupokea maneno ya mahari huku mkono umefungwa, tena kuna utaratibu wake mkwe akishamgusa mkwe, wazee wakae waone. Baba mdogo akakubali kwa heshima, akashusha zawadi hata hivyo. Kabla hatujaondoka Milembe alinipeleka nyuma ya nyumba kwenye tenki la maji akanisafisha kiwiko. Sabuni iliuma, nikajikaza.

"Nilitaka kukufurahisha," nikamwambia.

"Najua."

"Nilisema ni wangu ili wasijue."

"Nilisikia," akasema, anafunga bendeji. "Ndiyo maana nami nikasema ni wangu. Sikutaka uingie kwetu kwa uongo, hata wa kunisaidia." Akavuta bendeji kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Shija, hivi kweli ulikuwa unautafuta mkia?"

Nikasema ndiyo, mara mbili. Hapo akacheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka, na nikajua hata kama wazee wa Geita wote watakataa, sisi wawili tumeshakubaliana.

Tulilala gesti kule juu, mimi na baba mdogo, ambaye hakunisema hata neno, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu. Asubuhi ya Jumapili tunajiandaa kurudi Shinyanga simu ikaita, Milembe anasema mama anataka nishuke. Kwa miguu, alisisitiza. Nikashuka. Nikamkuta mama mkwe getini amevaa nguo za kanisani, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Alitazama pembeni, nami nikatazama chini, kama inavyotakiwa, akasema akielekeza maneno kwa Milembe, "Mwambie tunapanda mlima. Watu wa mtaa huu wamemwona kichaa akishuka, wamwone mtu akipanda."

Basi tukapanda. Yeye mbele hatua kumi, mimi na Milembe nyuma, na kila nyumba anasimama. Kwa mama wa maandazi akasimama, akasema, "Mwangaluka, mama. Huyu ndiye yule wa jana. Ni mkwe wangu." Nikapiga goti moja nikaomba radhi. Kwa wale wazee watatu vile vile, "ni mkwe wangu," na mmoja akaniuliza kwa upole kama salamu niliyotoa jana ilikuwa yao. Kwa kwaya vile vile. Posa haijajadiliwa, wazee hawajakaa, shangazi bado kashika kiuno, lakini mama yule kwa mkono wake mmoja alinitambulisha nyumba baada ya nyumba mpaka juu kituoni, kiasi kwamba kikao kilipokuja kukaa wiki tatu baadaye hapakuwa na la kuamua, mtaa mzima ulikuwa unaniita mkwe. Nilimshukuru, "Wabeja, mama," nikiangalia viatu vyake. Hakugeuka. Alisema tu nisafiri salama, na nile.

Barabara ile sasa ina tuta la kupunguzia mwendo. Wenye mtaa walikuwa wameliomba muda mrefu wakipigwa kalenda, baada ya Jumamosi ile wakapata hoja. Bodaboda wa pale juu wanaliita Tuta la Mkwe, abiria anasema nishushe Tuta la Mkwe na anashushwa, hajui hata jina limetoka wapi, na mimi nikiwa nyuma ya pikipiki naangalia pembeni.

Sijaacha kupanda ubao wangu, mjini hapa mtaniona. Ila niliapa, na kiapo hiki sikivunji: kitu cha mke wangu, kiwe ubao, kiwe simu, kiwe sufuria, hata liwe wazo alilonieleza nikadhani nimelielewa, sitakipanda tena kabla sijamuuliza kinasimamaje. Na ukweni naingia nyuma ya mshenga.